Kinamasi kinalipa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hela iliyopo kwenye kutunza na kurudisha mazingira ya asili kando ya Ziwa Victoria

Haya maswali yanarudi kila siku, mengine mwaloni Kirumba hapa Mwanza, mengine kwenye magrupu ya WhatsApp, mengine kwenye mikutano ya mtaa mtu akiwa ameshapandisha hasira. Nimeyakusanya hapa na majibu yake, mengine marefu mengine mafupi kutegemea na jambo lenyewe. Msimamo wangu siufichi: hela ya mazingira ipo na inaingia mifukoni mwa watu kila siku, ila haina risiti, na kwa sababu haina risiti basi ikipotea anayeumia ni mama anayekausha dagaa na mvuvi wa mtumbwi mmoja, wakati aliyefaidi kwa kuharibu anakuwa ni mtu mwingine kabisa.

Kinamasi hakiuzwi sokoni, sasa hiyo "thamani ya kiuchumi" mnaitoa wapi?

Chenyewe hakiuzwi ni kweli, ila kazi kinazofanya zina bei, tatizo bei yake tunaijua siku kimeshaondoka. Wachumi wana njia kama tatu za kuhesabu. Wanaangalia kwanza vitu vinavyotoka pale vikafika sokoni au jikoni: samaki, matete ya kuezekea, mafunjo ya kusukia mikeka, majani ya ng'ombe wakati wa kiangazi, asali, mitishamba. Kisha wanajiuliza kisingekuwepo tungelipa shilingi ngapi kujenga kitu cha kufanya kazi ileile, mfano mtambo wa kusafisha maji taka. Na mwisho wanahesabu hasara, yaani maji yakija kwa nguvu bila yale matete nyumba ngapi zinaenda, kalavati gani linang'oka, watoto wangapi wanalazwa kwa kuhara.

Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walijumlisha dunia nzima wakapata wastani wa dola trilioni 33 kwa mwaka, wakati pato la dunia nzima kipindi hicho lilikuwa kama trilioni 18 tu. Wachumi wenzao waliipinga sana namba hiyo, na mimi sioni kama inamsaidia chochote mtu wa Igombe, mwaloni hapa Mwanza. Namba inayosaidia ni ya eneo moja, lenye watu wanaojulikana na kitu kinachoonekana kwa macho, ndo maana huko mbele nitakaa zaidi na mifano ya kanda yetu.

Haya, nipe mfano mmoja wa ziwa hilihili wenye hela inayoeleweka.

Nakivubo, Kampala. Ni kinamasi cha mafunjo kinachopokea maji machafu ya mji ule kabla hayajaingia ziwani, na mji wenyewe unachota maji ya kunywa Gaba, kilomita chache tu kutoka pale maji hayo yanapotokea. Mwaka 1999 watafiti wakakaa wakapiga hesabu, hiki kinamasi kingeondolewa ingebidi tutumie kiasi gani kusafisha maji kwa mitambo, wakapata kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Kila mwaka, sio mara moja. Na pale hamna umeme wala dawa inayonunuliwa, ni mizizi ya mafunjo na tope lake na vijidudu vilivyomo vinakamata uchafu vinautuliza.

Sasa ukisikia tu habari hiyo utadhani watu walielewa wakakilinda. Kwa kweli kiliendelea kumegwa, viwanda upande mmoja, mashamba ya magimbi na miwa upande mwingine, mitaro ikachimbwa ndani yake maji yakawa yanapita moja kwa moja bila kuchujwa. Ghuba ikachafuka. Miaka ya karibuni wakajenga mtambo mkubwa wa maji taka na chanzo kipya cha maji ya kunywa kule Katosi, mbali na ghuba ile. Sehemu ya hela hiyo ni mikopo ambayo inalipwa na wananchi kwenye bili na kwenye kodi. Mimi Mwanza naiangalia Nakivubo kama taarifa iliyotufikia mapema, maana na sisi mji unakua kwa kasi, mkoa umefikisha watu karibu milioni 3.7 kwenye sensa ya 2022, na maji yetu tunayachota Capri Point na Butimba, kwenye ziwa hilohilo tunalolimwagia.

Mimi ni mvuvi. Matete yananiingizia nini zaidi ya kunichania nyavu?

Yanakutunzia samaki wa mwakani. Sato anachimba kiota chake kwenye maji ya kina kifupi karibu na mwambao, na vifaranga wakishaanza kujitegemea wanajificha kwenye mashina ya matete na mafunjo, pale kuna chakula na mkubwa hawezi kuwafuata kirahisi. Kambare anaingia kwenye maeneo yanayofurika mvua zikianza ili akatage, ningu ndo kabisa, anapanda mitoni. Ukifyeka mwambao mzima ukaacha mchanga mtupu umewaondolea mahali pa kulelewa, na hapo hata ungekuwa na mashine ya nguvu kiasi gani utachoma mafuta tu kuwafuata mbali.

Kuna jambo jingine wengi hawalijui na mimi ndo linanifurahisha kuliko yote. Ndani kabisa ya mafunjo oksijeni ni kidogo, sangara hawezi kuvumilia, lakini furu kadhaa (wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili) pamoja na kamongo wanavumilia vizuri. Kwahiyo baada ya sangara kuletwa ziwani miaka ya 1950 na 60 na kulipuka miaka ya 1980, wakati mamia ya aina za furu zinapotea huko majini wazi, vinamasi vikawa kimbilio la baadhi yao. Na furu sio samaki wa bure, walikuwa chakula cha watu wasio na hela, walikuwa wanakula mwani, wengine walikuwa wanakula konokono, na konokono ndo wanaobeba kichocho ambacho sote tunajua kilivyotusumbua huku.

Samaki wamepungua kwa sababu ya makokoro na timba. Mbona mnaleta habari za matete?

Yote mawili. Sitetei kokoro hata kidogo, linakwangua kulekule kwenye mazalia, linabeba sangara chini ya sentimita 50 ambao sheria inakataza na linabeba mpaka mayai, yaani kokoro lenyewe ni uharibifu wa makazi ya samaki, sio uvuvi haramu peke yake. Timba, zile nyavu za uzi wa plastiki, nazo zikikatika zinabaki chini zinaendelea kuua miaka na miaka.

Ila tuseme doria zimefanikiwa, kokoro zote zimechomwa, na huku mwambao umelimwa mpaka majini na mto unaleta tope jekundu kila mvua. Samaki watazalia wapi? Kule kwenye mialo ambako BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo) wamekuwa makini wakatenga eneo la mazalia, wakaweka maboya na wakalilinda kweli, wavuvi wenyewe wanakuja kuvua pembeni ya mpaka kwa sababu wanajua samaki wakishakuwa wakubwa wanatoka. Rubondo ni hivyohivyo kwa ukubwa zaidi, ni hifadhi ya taifa tangu 1977, uvuvi wa biashara ni marufuku ndani yake, na maji yanayozunguka visiwa vile ni mazalia yanayolisha maeneo ya wavuvi wa nje. Mtu akiniambia Rubondo ni ya watalii tu namuuliza sangara wa pembeni mwake wanatoka wapi.

Na usisahau mnyororo ulivyo mrefu. Sangara mmoja minofu inaenda Ulaya, mabondo (kile kifuko cha hewa cha tumboni) yanaenda China, mapanki (mifupa na vichwa) yanakaangwa mtaani, kayabo (sangara wa chumvi aliyekaushwa) inasafiri mpaka Kongo. Kuna mbeba barafu, kuna fundi mtumbwi, mshona nyavu, bodaboda, mama lishe, dada anayetenganisha dagaa na mchanga. Wote hao mshahara wao unaanzia kwenye maji ya kina kifupi yenye majani.

Gugu maji nalo ni uoto, mbona hamlitetei?

Kwa sababu ni mgeni, asili yake Amerika ya Kusini, liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa limefunga ghuba na mialo mingi nchi zote tatu. Wakaletwa mbawakavu wa kulila, likapungua sana, lakini bado linarudi na waliokuwa wanavuka Kigongo na Busisi kabla ya daraja wanajua kivuko kukwama maana yake nini. Linastawi pale penye mbolea nyingi majini, na mbolea hiyo ni udongo wa mashambani, samadi, maji ya vyoo na sabuni. Ukirudisha matete na mafunjo kwenye midomo ya mito unapunguza chakula chake. Kuling'oa kwa mikono na mashine bila kugusa chanzo ni kazi isiyoisha na ni hela inayotoka kila mwaka.

Milima ya mawe ya Mwanza na mito inahusikaje na mfuko wangu? Mimi nakaa mjini silimi.

Unalipa bili ya maji? Basi inahusika. Maji yakiwa na tope jingi mtambo unatumia dawa nyingi ya kutulizia tope, klorini nyingi, chujio zinasafishwa mara nyingi zaidi, na umeme unaliwa. Mwani ukichanua ndo balaa, harufu na chujio kuziba. Na hayo sio ya Mwanza peke yake, pale Ihelele Misungwi ndo yanapochotwa maji yanayokwenda Shinyanga na Kahama, na baadaye bomba likapelekwa mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Kwahiyo mtu wa Tabora ambaye hajawahi kuliona ziwa naye ana maslahi kwenye matete ya Misungwi.

Tope linatoka wapi, Simiyu ni mfano mzuri, unapita kwenye mashamba ya pamba na malisho yaliyochoka kisha unamwaga Ghuba ya Speke hapo Magu. Ndani ya jiji kuna Mirongo. Na ukiangalia milima yetu, Mabatini, Igogo, Isamilo, kati ya mawe palikuwa na vichaka na miti inayoshika udongo, palipokatwa mvua inashuka na kila kitu mpaka mtaro unaziba, barabara inajaa mchanga na halmashauri inalipia greda. Gharama hiyo huwa haiandikwi kwamba ni gharama ya kukata miti, inaandikwa matengenezo ya barabara, mambo yanaishia hapo.

Mto Mara nao uangalie, kama kilomita 395 kutoka msitu wa Mau Kenya, unapita Masai Mara na Serengeti, unaishia kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo kabla ya ziwa upande wa Musoma. Msitu wa Mau ukikatwa kiangazi mto unapungua, nyumbu na pundamilia wanaouvuka wanateseka, na hela ya Serengeti ni sehemu muhimu ya hela ya utalii wa nchi hii.

Kuna sehemu hapa jirani watu walirudisha uoto wakapata hela kweli? Tumechoka na ahadi.

Ipo, na ni ya Wasukuma wenyewe, Shinyanga.

Kule miti ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza wakati wa mkoloni ili kuua mbung'o, alafu pamba na tumbaku, kuni, mkaa, ng'ombe kuzidi, na operesheni vijiji ya miaka ya 1970 ikawatoa watu kwenye maeneo yao ya zamani wakaziacha ngitili. Ngitili, kwa asiyejua, ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani yakue yaje kuliwa kiangazi kikali, ni desturi ya zamani sana. Hali ikawa mbaya mpaka mwalimu Nyerere alipopita miaka ya 1980 akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway na baadaye watafiti wa kilimo mseto. Wakati inaanza ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, kwenye vijiji 833.

Walifanyaje? Hapo ndo penye somo. Hawakutegemea kupanda miche milioni. Sehemu kubwa walifunga tu eneo wakaacha visiki na mbegu zilizokuwa ardhini zichipue zenyewe, na sheria zikasimamiwa na watu wenyewe kupitia serikali za vijiji, dagashida (mkutano wa jadi wa Wasukuma) na sungusungu, ukiingiza ng'ombe kabla ya muda unalipa faini mbele ya wazee na aibu juu. Ndo maana gharama ilikuwa ndogo na ndo maana imedumu. Mwaka 2002 HASHI walipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hela sasa. Utafiti uliotoka 2005 ulikuta faida za misitu na ngitili zilizorudishwa ni kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania kipindi kile yalikuwa kama dola 8.50. Humo kuna kuni, nguzo, majani ya kuezekea, malisho, matunda, dawa, asali, maji. Na kilichonigusa mimi ni muda: kutafuta kuni peke yake wanawake waliokoa kati ya masaa 2 na 6 kwa siku. Masaa hayo ni shamba lililopaliliwa, ni genge, ni binti aliyebaki shule.

Siwezi kuficha upande wa pili. Wanyama na ndege walirudi wakaanza kula mazao na hiyo hasara ilihesabiwa kwenye utafiti uleule, faida bado ikazidi. Pia mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa alipata ngitili kubwa na maskini akapata kidogo, kwahiyo pale ambapo ngitili ni ya kijiji au ya shule mnatakiwa kukubaliana mapema nani anakata nini na lini, vinginevyo mtarudisha miti na mtaongeza ugomvi.

Kwanini tusijaze kifusi tujenge hoteli ya bichi? Hoteli inaleta ajira.

Inaleta, sibishi, na mji unahitaji hoteli. Swali langu huwa moja, nani anapata na nani anabeba hasara. Hoteli anapata mwenye hoteli na wafanyakazi wake kadhaa, kile kinamasi kilikuwa kinalisha wavuvi wa mwalo mzima na kinachuja maji ya mtaa wa juu. Wale hawaitwi kwenye kikao cha kugawa kiwanja.

Alafu sheria ipo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Watu waliona ni usumbufu mpaka Mei 2020 ziwa lilipopanda likafikia rekodi ya mwaka 1964, nyumba na mialo ikaingia maji, mwenye mkopo wa benki akabaki na mkopo bila nyumba. Ziwa lina tabia ya kupanda na kushuka, mita 60 ni nafasi yake ya kupumulia na ni bima yako wewe ambayo hulipii.

Hoteli jengeni, ila jengeni nyuma ya mstari na acheni mafunjo mbele. Wageni wengi wanapenda kuamka na ndege.

Utalii huku kwetu upo kweli au ni wa Serengeti tu?

Upo ila hatujautumia. Saanane iko ndani ya jiji kabisa, dakika chache kwa boti, ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18, ilianza kama bustani ya wanyama 1964 na ikawa hifadhi ya taifa 2013. Shule zinakwenda, maharusi wanapiga picha. Rubondo kuna sokwe walioletwa miaka ya 1960, kuna tembo, kuna kuvua kwa mchezo. Na ukitokea Mwanza kwenda Serengeti geti la Ndabaka halipo mbali, magari yanajaza mafuta Magu, watu wanakula Lamadi. Mwaka 2023 nchi ilipata watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8, kanda ya ziwa bado tunaokota kidogo sana hapo.

Onyo langu tu, msiweke mayai yote kwenye utalii. Mwaka wa korona geti lilinyamaza lakini kinamasi kiliendelea kuchuja maji na samaki waliendelea kuzaliana. Faida zisizotegemea mgeni ndo za kulinda kwanza.

Mamba na viboko wanaua watu. Hiyo hasara mnaihesabu?

Inabidi ihesabiwe na anayeongea mazingira bila kutaja hilo hajakaa visiwani. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi, ila kiwango ni kidogo na kinachelewa, kwa maoni yangu hapo ndo uhifadhi unapoteza marafiki wengi kuliko popote. Kinachosaidia kwa gharama ndogo ni kuchagua sehemu chache za kuchotea maji na kufulia, kuzizungushia uzio wa nguzo majini, na kuacha sehemu nyingine wanyama wawe nazo. Kisima au bomba la kijiji linaokoa maisha zaidi ya bunduki. Kwa tembo upande wa Busega na Bunda mizinga ya nyuki pembezoni mwa shamba imesaidia sehemu mbalimbali Afrika Mashariki, na asali unauza.

Nikipanda mikaratusi kando ya mto si nimerudisha mazingira?

Hapana. Umepanda shamba la nguzo, ni biashara halali, kaweke mlimani au kwenye ardhi kavu mbali na chanzo cha maji. Mikaratusi inakunywa maji mengi na chini yake hamna kinachoota cha maana. Kando ya maji acha mafunjo, matete, mikuyu na miti iliyozoea pale ijirudie, mara nyingi kazi yako ni kufukuza jembe na ng'ombe misimu kadhaa basi.

Biashara ya hewa ukaa ikoje, ni kweli vijiji vinalipwa?

Ni kweli. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na vijiji vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi wanalipwa kwa kulinda misitu yao, wamejenga zahanati na madarasa kwa hela hiyo, na serikali ilitoa kanuni na mwongozo wake 2022. Ila misitu yao ni mikubwa, huku Mwanza vipande vyetu ni vidogo, labda visiwani kama Maisome. Akija mtu na mkataba wa miaka 30 kwa kijiji chako msisaini siku hiyohiyo, upelekeni halmashauri mwanasheria ausome, muulize asilimia ya kijiji ni ngapi, nani anapima, na mkipata ukame au moto nani anabeba. Hela ya ngitili na samaki haihitaji dalali.

Saivi si tuna vizimba vya kufugia sato? Asili ya nini tena?

Kizimba kinakaa ndani ya ziwa hilohilo ndugu yangu. Maji yakikosa oksijeni, na ziwa letu huwa linageuka maji ya chini yakaja juu, samaki wa kizimbani hawana pa kukimbilia, wanaelea wote asubuhi na mkopo unabaki. Mfugaji wa vizimba ndo angetakiwa awe wa kwanza kudai matete yarudi kwenye midomo ya mito. Na yeye mwenyewe aangalie asirundike vizimba kwenye ghuba ndogo isiyo na mkondo, chakula kinachozama kinakuwa mbolea ya mwani.

Kulinda na kurudisha, kipi rahisi?

Kulinda, kwa mbali sana. Kinamasi kikishachimbwa mitaro tope lake linakauka na kuzama, hata ukiziba mitaro baadaye hakirudi kilivyokuwa haraka. Furu waliopotea hawarudi kabisa kwa hela yoyote. Tanzania imeahidi kurudisha uoto kwenye hekta milioni 5.2 kwenye mpango wa Afrika wa AFR100 na nafurahi, ila kila hekta ya mwambao inayofyekwa leo inaongeza deni la ahadi hiyo.

Kijiji chetu tunaanzia wapi bila mfadhili?

Anzeni na kipande kimoja kidogo mnachokiona wote, mdomo wa kijito au mazalia yanayojulikana. Ongeeni na wanaokitumia sasa kabla ya kufunga, hasa wanawake wanaokata matete na vijana wanaolima bustani pale, maana mkiwafukuza bila mbadala watarudi usiku. Wekeni mipaka inayoonekana. Serikali ya kijiji iandike sheria ndogo, ipite mkutano mkuu, ipelekwe halmashauri ipitishwe, hapo faini zenu zinakuwa na nguvu. Kama ni msitu, Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kumiliki msitu wake na mapato yake. Kama ni mwalo, BMU ndo mlango. Kisha andikeni kwenye daftari kila msimu, samaki wangapi wanaonekana kwenye mizani, mzigo wa kuni unatoka umbali gani, kisima kinakauka mwezi gani. Daftari hilo ndo risiti niliyosema haipo, na siku akija mtu na ramani ya kiwanja mtakuwa na kitu cha kumwekea mezani.

Nikiona lori linamwaga kifusi kwenye matete usiku nafanyaje?

Usimfuate dereva. Piga picha ukiwa mbali, andika saa, sehemu na namba ya gari ukiweza, asubuhi peleka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji na udai iandikwe. Kama kimya, nenda ofisi ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) kanda ya ziwa au Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, zote ziko hapahapa Mwanza, na ukienda nenda na wenzako wa BMU au wa mtaa, watu watano wenye picha wanasikilizwa haraka kuliko mmoja. Na kama mtendaji ndo aliyeuza eneo lenyewe, ruka ngazi hiyo, barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa mkuu wa wilaya.